Nduthi Yako Inadai Koni, Sio Dampa

Wasee, tubonge hii stori ya dampa ya usukani bila kufichana. Msee yeyote ako na nduthi na simu ya kuingia mtandao ashaiona: kasilinda kadogo karangi ya dhahabu, kamefungwa upande mmoja kwa fremu na upande wa pili kwa shingo ya hendo, na ahadi ni ati nduthi haitawahi kutetemeka tena. Mbogi ya superbike Nairobi inaitaka. Na maboda wa West Nile kule Uganda, hao wa Arua, Kuluva na Koboko wanaobeba mizigo ya nguvu kwa nduthi za Boxer, pia wako na shida ya hendo kucheza. Dawa inayouzwa ni moja, ugonjwa si mmoja. Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa: kama nduthi yako ni ya kazi na ni ya barabara, hiyo ganji usiipeleke kwa dampa.

Kwanza tuelewe hako kadude. Ndani kuna mafuta, na kuna pistoni inayosukuma hayo mafuta yapite kwa katundu kadogo. Ukizungusha hendo polepole, mafuta yanapita na huskii kitu. Hendo ikijaribu kuruka ghafla, mafuta yanagoma. Ni ka kutembeza mkono ndani ya beseni ya maji: polepole maji yanakuachia, ukipiga kofi yanakurudishia. Basi, kazi yake imeisha hapo. Dampa haiongezi breki, hainyooshi rimu, haikazi nati. Inapunguza tu mbio za hendo kwenda kushoto na kulia.

Sasa hizo mbio hutoka wapi? Gurudumu la mbele linajipangaga lenyewe. Chora mstari kwa macho ukifuata shingo ya nduthi hadi chini. Utaona tairi inagusa barabara nyuma kidogo ya pale mstari unatua. Huo umbali mdogo ndio hufanya hendo irudi katikati bila kuguswa. Lakini kitu kikirudi kwa nguvu kinaweza kupitiliza, kirudi tena, kipitilize tena. Kama kuna mahali pamelegea, ama mbele ni nyepesi, mtetemo badala ya kufa unakua. Hapo hendo inapiga huku na huku kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde moja. Hakuna mkono wa mtu unaweza kuifuata hiyo. Ukijaribu kuizuia kwa misuli unachelewa kila saa, na kuchelewa kwako ndio kunaiongezea moto.

Watengenezaji wa superbike walifunzwa hii kitu vibaya. Suzuki TL1000S ilitoka 1997 ikiwa na nguvu mingi, na haikuchukua muda kabla zile za Uingereza kuitwa zirudi zifungwe dampa. Honda walipoleta CBR1000RR ya 2004, waliiwekea dampa ya elektroniki toka kiwandani, inayokaza yenyewe spidi ikipanda. Kawasaki ZX-10R ya 2006 ikaja na ya Öhlins. Hizo ni mashine shingo imesimama wima ndio zikate kona chap, na ukifungua mafuta gurudumu la mbele linataka kuaga lami. Kwa mashindano ya TT kule Isle of Man, wasee wanapita barabara za kawaida zenye matuta kwa zaidi ya 250 km/h. Kwa hao sina ubishi hata kidogo. Dampa ni lazima.

Lakini Boxer 150 ni sisi 144.8 na nguvu ya farasi 12. Boxer 100 ndio hata iko chini ya hapo. Tairi ni nyembamba, shingo imelala vizuri, na injini haina ubavu wa kuinua gurudumu la mbele ukiwa kwa mwendo. Kwa karatasi hiyo ni nduthi imetulia kabisa. Mbona basi ukipanda moja ya kazi unaskia hendo inacheza mkononi?

Hapo ndio Kuluva inaingia. Kuluva iko kusini ya Arua, kama kilomita 10 kwa barabara ya Nebbi, na wengi wanaijua juu ya hosi yake. Congo iko hapo tu kando: ukishika mpaka wa Vurra, soko la Ariwara haliko mbali. Ukigeuka kaskazini, lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ni kilomita 92, na Oraba ikiisha umefika Sudan Kusini. Ukivuka upande wowote wa hiyo mipaka lazima ubadilishe upande wa barabara, juu Uganda inaendesha kushoto, na Congo na Sudan Kusini zinaendesha kulia. Trela zimepakia hadi juu, na kila moja ikikupita inakutupia ukuta wa upepo. Toka kwa lami uingie njia za Rhino Camp na utapata murram yenye mawimbi na mchanga. Hiyo ndio ofisi ya hawa wasee.

Na mizigo! Unga wa muhogo, makaa, mabati, samaki wa Nile, kitanda kizima, mgonjwa amekaa katikati ya deree na ndugu yake wakienda hosi. Kubeba vitu kwa magurudumu mawili ni kazi ya zamani huku. Arua ilikuwa na Opec Boys, vijana waliorudi kutoka uhamishoni Congo na Sudan baada ya Idi Amin kuanguka 1979. Kazi haikuwepo, wakaanza kuuza mafuta ya magendo kwa jerikeni kando ya barabara, na kwa miaka mingi mji ulikuwa unajaza tanki kwao. Tupige hesabu ya jerikeni basi. Lita 20 za petroli ni kama kilo 15. Weka nne na umefika kilo 60, uzito wa mtu mzima. Tofauti ni kwamba mtu anakaa kwa siti, na jerikeni zinaning'inia kwa keria, nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma.

Hicho kipande cha mwisho kikuingie vizuri. Mzigo ukiwa mbele ya ekseli ya nyuma, unagawanywa kwa magurudumu yote mawili. Ukiwa nyuma ya hiyo ekseli, unainua mbele. Kila kilo unayoongeza pale mwisho wa keria inapunguza uzito kwa tairi ya mbele. Kwa hivyo ile kitu superbike inafanya na injini, Boxer ya Kuluva inafanya na keria. Mbele inakuwa nyepesi, tairi inagusa tu juu juu, halafu unashuka mteremko kwa 60 ama 70, unapata kashimo, trela inakupita, na hendo inaanza. Ongeza mwavuli wa nduthi hapo juu, zile za kukinga mvua, na umeupa upepo mpini wa kushika. Huo mwavuli mimi sitaki kuuona kwa barabara ya mbio, hata mvua ikinyesha aje.

Na kuna jambo lingine Kuluva iko nalo, na hili naliheshimu sana. Hosi ya Kuluva ilikuwa na daktari anaitwa Ted Williams. Mwaka wa 1961, yeye na madaktari wenzake Denis Burkitt na Cliff Nelson walitoka Kampala na Ford ya zamani, wakasafiri wiki 10, kama kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini, wakiingia hosi moja baada ya ingine kuuliza kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto. Ted ndio alikuwa pia anashughulikia injini ya hiyo gari. Walichoona ni kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Ukifika pahali pa baridi ama pakavu sana, unapotea. Baadaye ikajulikana malaria iko ndani ya hiyo stori, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa 1964. Na rekodi za wagonjwa zilizowekwa kwa makini pale Kuluva zilisaidia kuonyesha kwamba kesi za West Nile zilikuwa zinakuja kwa makundi, mahali fulani na wakati fulani.

Hao wasee walianza na wapi, lini, kwa nani. Fundi anayestahili ganji yako anauliza vivyo hivyo. Inatetemeka ukiwa na mzigo ama hata mtupu? Kwa spidi gani? Ukifungua mafuta ama ukiachilia? Kwa lami ama kwa murram? Ilianza kabla ama baada ya kubadilisha tairi? Ilianza baada ya kuanguka? Fundi akikuuzia dampa kabla ya kuuliza hata moja ya hizo, toka hapo pole pole na nduthi yako.

Tuanze na koni, juu hapo ndio kesi nyingi huisha. Koni ni zile beringi za shingo, juu na chini, zinazobeba usukani wote. Kwa nduthi nyingi za kazi ni gololi ndogo zimepangwa ndani ya bakuli la chuma na grisi. Kila shimo unaloingia, gololi zinagonga lile bakuli. Kila vumbi la murram linatafuta njia ya kuingia. Na kila saa unapeleka nduthi ioshwe kwa presha, jamaa akielekeza maji pale kwa shingo ndio ing'are, anasukuma grisi nje na maji ndani. Hiyo ni tabia mbaya sana na iko kila mahali, kuanzia Nairobi hadi Koboko. Mwambie aelekeze maji kwingine.

Kupima ni bure. Simamisha nduthi kwa stendi ya kati, msee mmoja akae nyuma kwa siti ndio gurudumu la mbele lining'inie hewani. Chuchumaa mbele, shika shoko za mbele pale chini karibu na ekseli, mkono kila upande, halafu vuta kuja kwako na usukume kurudi. Msee mwingine aweke kidole pale shingo inakutana na fremu. Koni ikiwa imelegea ataskia kagongo kadogo, tok, na hata wewe utaliskia kwa viganja. Hilo tok ukiwa umesimama ndio mtetemo ukiwa kwa 70. Maliza hapo uende kipimo cha pili: shika hendo kwa kidole kimoja na uizungushe polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Inafaa iteleze sawa safari yote. Ikifika katikati na ikakwama kidogo ni ka inaingia kashimo, imeingia kashimo kweli: gololi zimechimba bakuli pale pale unapoendeshea kila siku, mbele moja kwa moja. Hapo hakuna kukaza kutasaidia. Koni zinatoka, mpya zinaingia, na bakuli zake zote.

Kukaza ndio mtego mwingine. Mafundi wengi wakiskia hendo inacheza wanachukua spana na nyundo na kukaza ile nati hadi hendo inakuwa nzito. Deree anaskia imetulia, analipa, anaenda. Lakini hendo nzito haiwezi kurudi katikati yenyewe, kwa hivyo nduthi inaanza kutangatanga kwa mwendo wa polepole, na wewe unakuwa unairekebisha kila sekunde kwa msongamano wa mji. Kaza hadi tok ipotee, na hendo bado ianguke kwa uzito wake yenyewe ukiisukuma kidogo kutoka katikati. Si zaidi ya hapo.

Koni zikiwa fiti, shuka kwa tairi. Tairi ya mbele ya kazi huendeshwa hadi iwe kipara katikati na mabega yabaki, na tairi yenye umbo hilo haijui kusimama wala kulala. Upepo ukiwa kidogo ndio mbaya zaidi, juu tairi inajipinda kabla rimu haijageuka. Pima asubuhi ikiwa baridi, ufuate namba ziko kwa nduthi yako, na ukibeba mzito ongeza nyuma vile watengenezaji wamesema. Gonga spoki moja moja na spana: zilizokazwa zinalia mlio mkali, iliyolegea inatoa sauti ya bati. Zungusha gurudumu na uangalie kama rimu inayumba ikipita karibu na shoko. Halafu nenda nyuma, uangalie zile alama za kurekebisha cheni pande zote mbili. Kama kushoto iko alama ya tatu na kulia iko ya nne, tairi zako mbili zinaelekea miji tofauti, na hii hutokea kila saa fundi akikaza cheni kwa haraka barabarani. Ukiskia mtetemo wa polepole unaotoka chini ya makalio, mwili wote wa nduthi ukiyumba mara 2 ama 3 kwa sekunde, hiyo si hendo kabisa. Angalia bushi za ule mkono wa chuma unaoshika tairi ya nyuma, na angalia mzigo.

Mzigo wenyewe unapangika. Kizito kiende chini na kiende mbele, karibu na mgongo wako. Jerikeni mbili zikae kila upande wa siti ya nyuma, badala ya nne kurundikana mwisho wa keria. Kamba iwe ya kukaza kabisa, juu mzigo unaocheza unaanzisha mtetemo wake na kuupeleka mbele. Na usifunge vitu vizito kwa hendo. Kreti, betri ya spika, gadi kubwa za chuma zimefungwa kwa usukani, zote zinaongeza uzito kwa kitu tunataka kiwe chepesi na kitulie.

Sasa rudi kwa dampa. Ukiifunga kwa nduthi yenye koni imelegea, itapunguza kutetemeka kiasi. Hiyo ndio inaniogopesha. Ile tok bado iko, bakuli bado linachimbika, lakini ishara iliyokuwa inakuambia imezimwa. Siku mafuta ya dampa yakivuja, na hizo za bei ya chini huvuja, kila kitu kinarudi pamoja ukiwa umebeba mtu na unashuka mteremko. Halafu kuna kufungwa vibaya. Dampa ikiwa fupi ama bano limekaa pabaya, hendo haifiki mwisho wa kugeuka. Utaijua ukijaribu kukunja kwa steji ya Arua mjini katikati ya watu na nduthi inakataa. Ikikazwa sana, hendo inakuwa nzito na tumerudi kwa ile shida ya nati. Dampa nzuri yenye jina hufika mamia ya dola. Hiyo ganji ni koni, tairi mbili, spoki, bushi na helmeti ya maana, na chenji inabaki.

Kuna wasee wa nduthi ndogo ambao ningewaambia waifikirie. Wale wa mashindano ya murram na mchanga, wanaokimbia wakiwa wamesimama kwa vigingi, dampa inawaokoa viganja jiwe likipiga gurudumu kando. Msee anayevuta kitoroli cha pembeni pia, juu usukani wa hizo hupenda kutetemeka kwa mwendo mdogo. Piki za zamani za BMW zilikuwa na kifundo cha kukaza kwa shingo kwa kazi ka hiyo. Boda wa Rhino Camp kwa mchanga anaenda polepole, miguu karibu na chini, na kinachomsaidia ni tairi na mkono mwepesi.

Na siku hendo itaanza kupiga ukiwa kwa mwendo, kabla hujafika kwa fundi? Usiishike kwa kifo. Legeza viganja vishike bila kubana, bana tanki kwa magoti, inamisha kifua mbele ndio uzito urudi kwa gurudumu la mbele, na uachilie mafuta polepole. Usivute breki ya mbele ghafla, juu hapo hendo inaweza kupiga hadi mwisho. Spidi ikishuka, mara nyingi itapita. Ukiwa na kasta nyuma, mfunze kabla hamjaondoka asogee karibu na wewe na asivute mabega yako. Jambo la dakika moja kwa steji, na bado sioni likifanywa.

Kama kuna spea ningetaka ijae kwa maduka ya Arua na Koboko, na Kirinyaga Road ya Nairobi na Kisekka ya Kampala pia, ni koni za rola badala ya gololi. Zile zina virola vilivyolala kwa mshazari, vinagusa bakuli kwa mstari mzima badala ya nukta moja, kwa hivyo hazichimbi kashimo haraka vile. Hakikisha tu ni za saizi ya shingo ya nduthi yako. Zikiingia, pakaza grisi ya kutosha kuzunguka kila rola, kaza hadi hendo iteleze bila tok, endesha siku chache halafu rudi kwa fundi aguse nati tena, juu bakuli mpya hukaa vizuri ndani ya fremu ukishapiga mashimo kadhaa, na hapo zinalegea kidogo.